Moshi Ulioingia Bila Kutoka

Mgeni wangu anakula upepo, anatema joto, na tangu aje hajaomba hata kikombe cha maji. Ni nani huyo?

Nilipomtegea Sahro kitendawili hicho alifikiri mpaka chai ikapoa, kisha akasema ni ngamia mwenye homa. Nikamwambia hapana, nipe mji. Akanipa Balambala, kwa kuwa ndiko kwao. Nikaupokea mji wake, nikautawala kidogo, nikanywa maziwa yake yote, halafu nikamwonyesha mgeni mwenyewe chini ya meza. Ni kompyuta ya mjukuu wangu Filsan.

Sisi tunakaa Iftin, hapa hapa Garissa, nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu na ua. Mama yake Filsan ni binti yangu wa kwanza, yuko Balambala na mifugo. Filsan nimekaa naye mimi tangu alipokuja mjini kusoma. Shule alimaliza, akaenda chuo akajifunza kuchora majengo, na alipomaliza chuo nikauza ngamia wangu mmoja jike ili anunuliwe mashine ya kazi. Watu walinicheka. Ngamia anazaa, walisema, na sanduku halizai. Niliwajibu kwamba mimi ni mzee, sina haja ya kukamua.

Sanduku lenyewe ni jeusi, refu kama mtungi wa maji, linakaa sakafuni chini ya meza. Uso wake una matundu madogo madogo kama chujio la chai, hapo ndipo linapovutia hewa. Mgongoni lina feni ya kutolea joto. Nimelieleza hivyo kwa sababu kisa chote kiko katika hayo matundu.

Sahro niliyemtaja ni mwenyekiti wa kamati ya kina mama wa Balambala ambao binti zao wanasoma hapa mjini. Wasichana hao walikuwa wanalala kwa ndugu na marafiki, wawili huku, watatu kule. Kina mama wakapata kiwanja, wakataka kujenga bweni. Mchoraji mmoja mwanamume alikuwa amekwisha kuwaletea karatasi zake, kubwa kama shuka. Filsan naye akaomba alete mchoro wake. Sahro akazitazama karatasi za yule bwana, akazigeuza juu chini, akasema:

"Sisi hatusomi mistari. Hii kwangu ni kama njia za mchwa. Filsan, abaayo, dada yangu, kama wewe unaweza kutuonyesha namna binti zetu watakavyoingia na kutoka, tuonyeshe. Ijumaa saa kumi na moja jioni tunakaa kuamua. Jumamosi fundi anachimba msingi, na sisi tunarudi kwa wanyama."

Filsan akasema anaweza. Angetengeneza filamu, mtu anatembea ndani ya jengo ambalo bado halijajengwa. Hiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza kubwa, na tena kwa watu wa kwao. Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jumatatu yake nikamkuta amekaa na penseli, anapiga hesabu, uso umekunjamana.

"Ayeeyo," akaniita, ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita bibi zao, "filamu ni picha nyingi zinazopita haraka. Yangu ina picha elfu moja na mia mbili. Kompyuta inatumia dakika mbili kuipika kila picha."

"Saa arobaini," nikamwambia. Mimi niliishia darasa la sita, lakini hesabu za kichwa hazijanitoka.

"Arobaini. Na mpimaji wa kiwanja ananipa vipimo vya mwisho Alhamisi saa moja asubuhi. Nikianza kabla kwa kukisia, ukuta ukisogea hatua mbili, picha zote ni uongo. Kutoka hapo mpaka Ijumaa saa kumi na moja ni saa ngapi?"

"Thelathini na nne. Zimepungua sita."

"Ndizo ninazozitafuta."

Akanieleza alivyotaka kuzipata. Ndani ya lile sanduku kuna kitu kinaitwa prosesa, kidogo kuliko biskuti, ndicho kinachofikiri. Kiwandani kinapangiwa kasi ambayo hakitaanguka hata kidogo. Lakini kuna prosesa za aina ambayo mwenyewe anaruhusiwa kuipandisha kasi, na yake ilikuwa ya aina hiyo. Unawasha mashine, unabonyeza kitufe kabla haijaamka sawasawa, unapata ukurasa wa kupangia. Humo kuna namba ya kasi. Yake ilikuwa thelathini na sita.

"Anayeanza anakosea kwa kuruka," akasema. "Anaona thelathini na sita, anaandika arobaini na tano, mashine inazimika, analia. Inatakiwa upandishe moja tu. Uwashe, uipe kazi nzito nusu saa, utazame joto. Ikitulia, unapanda nyingine. Ikitetereka, unashuka. Na umeme unaokwenda kwenye prosesa usiuongeze ovyo, maana huo ndio unaounguza."

"Kama kupakia ngamia. Unaweka mzigo, unamsimamisha, unatazama miguu."

"Ayeeyo, wewe kila kitu ngamia."

"Na wewe kila kitu kompyuta. Hiyo yako kwani si ngamia? Nilimkamua miaka minane."

Akacheka. Jumanne asubuhi akaanza.

Nilikaa mlangoni nachambua mchele, nikimsikia anahesabu. Kabla hajagusa kitu, mashine ikiwa imekaa tu, joto lilikuwa sitini. Akasema hiyo ni Garissa, nje kwenyewe ni thelathini na saba. Akapanda hadi thelathini na saba ya kasi. Chini ya kazi nzito joto likafika tisini na mbili. Akapanda thelathini na nane, likawa tisini na saba. Hapo ningekuwa mimi ningeteremka. Lakini alikuwa na saa sita za kutafuta, na mtu mwenye haja hatazami miguu ya ngamia. Alipoandika thelathini na tisa, feni zikalia kama nyuki, na baada ya dakika nne kioo kikawa cheusi.

Mashine ikazimika. Alibonyeza, haikuwaka. Alibonyeza tena, haikuwaka.

Wakati huo Jelle alikuwa anaingia. Jelle ni mtoto wa kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu, ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta sokoni. Filsan anamwita abti, yaani mjomba, naye mimi ananiita eedo, shangazi. Alikuwa amepita kuchukua chakula chake cha mchana, maana mke wake alikuwa safarini.

"Eedo, kuna nini? Mbona nyumba imenyamaza hivi?"

"Muulize mpwa wako."

Akasikiliza, akatikisa kichwa, akavuta sahani. "Filsan, zile video unazotazama, wale jamaa wanaovaa sweta ndani ya nyumba, umewaona? Hao wanapandisha kasi kwao kuna barafu. Sisi hapa yai unaweza kulikaangia juu ya paa. Wewe unataka kumkimbiza mtu aliyekwisha kuzimia?"

"Abti, usinicheke leo."

"Sikucheki. Wallahi sikucheki. Nacheka hilo sweta."

Alilegeza ubavu wa sanduku, akachomoa kibetri kidogo bila kuchungulia zaidi, akangoja, akakirudisha, na mashine ikaamka ikiwa imesahau kila kitu, imerudi kwenye thelathini na sita yake. Filsan akashukuru. Jelle akala, akaenda zake. Lakini Filsan alipoipa kazi nzito ileile katika jua la mchana, kwa kasi ileile ya kiwandani, joto likapanda mpaka tisini na tatu na mashine yenyewe ikaanza kujipunguza mwendo.

"Nimeijeruhi," akasema polepole. "Sasa hata zile saa arobaini haiwezi. Ayeeyo, nimemuua ngamia wako."

Hakulia kwa sauti. Aliweka mikono juu ya meza, viganja juu, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu. Akasema akimaliza kuswali alasiri atampigia Sahro simu amwambie achukue karatasi za yule bwana.

Akaenda kutia udhu. Mimi nikafanya ninachofanya kila siku saa hiyo. Nikachukua makaa mawili jikoni, nikayatia kwenye dabqaad, kile chetezo chetu cha udongo, nikanyunyiza uunsi juu.

Uunsi wangu unajulikana mtaa mzima, nawaambia bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo. Ninaupika mwenyewe. Sukari kwenye sufuria mpaka iyeyuke na kuwa rangi ya asali, halafu ubani uliotwangwa, udi, na manukato, naumwaga kwenye sinia, ukikauka nauvunja vipande. Mgeni hajauliza nyumba ya Hawo ni ipi. Anafuata pua.

Na nitawaambia jambo lingine. Tangu ile mashine iingie, majirani walikuwa wanakuja kuitazama. Kila mmoja, "kubwa hii," na "nyeusi hii," na wengine wanasahau kusema mashallah. Nikaogopa jicho. Kwa hiyo kila alasiri, Filsan akiwa anaswali, nilikuwa naiweka dabqaad chini ya meza, mbele kabisa ya yale matundu. Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Mashine ilikuwa inaunywa moshi! Unaingia mbele, unatokea mgongoni, unasambaa chumba kizima kuliko ningeupepea kwa mkono. Nikasema, huyu mgeni ana adabu, anakaribisha wageni wenzake. Miezi sita niliifukiza, bila kukosa hata siku moja.

Jumanne hiyo nikaiweka dabqaad palepale. Mashine ilikuwa inawaka, feni zinazunguka. Moshi ukaenda kwenye matundu. Ukafika, ukasita, ukageuka. Ukapanda juu kwenye uso wa sanduku na kunirudia machoni.

Nikazunguka nyuma. Nikaweka kiganja. Upepo uliotoka ulikuwa mdogo kama pumzi ya mtoto aliyelala, na hapakuwa na harufu ya uunsi.

Nilikaa pale sakafuni. Nikapitisha kidole kwenye matundu. Kilitoka cheusi, na kilinata. Nikakinusa. Nikaiondoa dabqaad, nikaitoa mpaka uani, nikarudi nikakaa tena. Nilisikia Filsan chumba cha pili anatoa salamu ya mwisho ya swala yake.

Nawaambia kweli, nilipata wazo. Wazo la kusema tu, "Filsan, labda mashine ina vumbi, mwite Jelle aisafishe." Vumbi la Garissa halina mwenyewe. Lingebeba lawama na lisingelalamika. Lakini yule mtoto alikuwa amekwisha kusema kwamba yeye ndiye ameiua, na alipoingia simu alikuwa nayo mkononi.

"Usipige," nikamwambia. "Nina kitendawili. Nimemlisha kwa mapenzi mpaka akashindwa kupumua."

"Ayeeyo, tafadhali. Sitaki vitendawili leo."

Basi nikamweleza bila mafumbo. Nikamwonyesha kidole changu. Nikamwambia miezi mingapi, na saa gani, na kwamba alikuwa ananikuta nimeshaitoa dabqaad kwa sababu nilijua angekataa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito kuitoa mdomoni.

Kwetu mtoto hampazii sauti ayeeyo. Filsan hakunipazia. Alikuwa ameshika mkeka wake wa kuswalia. Akaukunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ukawa mdogo kama kitabu.

"Miezi sita," akasema.

"Miezi sita."

"Na mimi asubuhi yote nasema ni Garissa. Nasema ni mimi."

Akatoka nje. Chai yake niliyommiminia ikapata utando juu. Nikaimwaga, nikammiminia nyingine, nayo ikapata utando.

Simu hakumpigia Sahro. Alimpigia Jelle.

Jelle akaja na bisibisi zake, akatandika gazeti uani penye mwanga, akafungua sanduku. Juu ya prosesa kuna feni, na chini ya feni kuna chuma chenye mapezi membamba mengi kama kurasa za kitabu, ndicho kinachonyonya joto na kulitoa. Mapezi hayo hayakuonekana. Palikuwa na tofali jeusi. Vumbi la barabara na uunsi wangu vilikuwa vimeshikana, vimeiva, vinang'aa kama halua.

"Eedo," Jelle akasema, anajikaza asicheke, "hii ungeipeleka sokoni ungeuza."

"Funga mdomo, waryaa."

Filsan alisimama kando, mikono kifuani. Hakunitazama, lakini midomo yake ilitikisika kidogo, nikaona.

Jelle akajaribu kwa brashi, haikuingia. Akataka kuleta petroli. Hapo nikasimama. Kompyuta siijui, lakini kilicho ndani ya uunsi nakijua mimi tu.

"Petroli haitasaidia kitu. Hiyo nusu yake ni sukari. Sukari inataka maji ya moto. Ukishaitoa sukari, ubani unabaki peke yake, nao unayeyuka kwa spiriti ya kusafishia vidonda. Ukianza na spiriti, sukari inakaa. Lazima maji kwanza."

"Maji na kompyuta, Eedo?"

"Si kompyuta. Umekwisha kukitoa. Hicho sasa ni chuma tu, kama sufuria."

Jelle akamtazama Filsan. Filsan akafikiri, akakishika kile chuma, akakigeuza. "Ni kweli," akasema. "Feni isiguswe na maji. Chuma hakina umeme."

Ndivyo tulivyofanya. Jelle akaifuta feni kwa pamba na spiriti, bawa moja moja. Mimi nikakaa na beseni la maji ya moto, chuma ndani yake, maji yakawa rangi ya chai ya rangi, nikamwaga, nikatia mengine. Brashi ilikuwa nene, basi nikachukua vijiti vya mswaki, caday tunayotumia kwa meno, nikatafuna ncha mpaka zikawa nyuzi, nikapitisha katikati ya kila pezi. Yako mengi, niliacha kuhesabu kwenye hamsini. Baadaye kikapita kijiti cha pili upande wa pili wa chuma. Niliinua macho, ni Filsan amechuchumaa mbele yangu. Tulisugua hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Chuma tukakianika Jumatano asubuhi kwenye jua, na jua letu lile lile lililotukanwa likakikausha hadi nyufa zake zote. Jelle akapaka ile krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma, tone moja la ukubwa wa dengu. Nilimwambia aongeze. Akanijibu, "Eedo, ukarimu wako tumeshauona."

Walipoiwasha, Filsan akainama kwenye kioo. Halafu akaniita, mara ya kwanza tangu jana.

"Ayeeyo, njoo usome namba."

Arobaini na moja. Chini ya kazi nzito, sabini. Mashine haikuwa imejeruhiwa. Ilikuwa imezibwa pua tu.

Jumatano hiyo ikawa siku ndefu na tulivu. Filsan alipanda ngazi moja moja, kama mwenyewe alivyosema tangu mwanzo. Kazi yangu ilikuwa kutazama joto na kuliandika kwenye daftari kila dakika kumi, kwa penseli. Thelathini na saba, joto sabini na mbili. Thelathini na nane, sabini na tatu. Katikati anapumzisha, tunakunywa chai, na yake aliinywa. Arobaini, sabini na sita. Arobaini na mbili, themanini na moja, nusu saa nzima bila kutetereka. Arobaini na tatu, joto si baya, lakini kioo kikaganda, kishale kikasimama kama mbuzi aliyegoma.

"Ningeongeza umeme kidogo, labda ingekubali," akasema. Nikaona anapiga hesabu. "Kwa arobaini na tatu namaliza nusu saa kabla ya kikao. Kwa arobaini na mbili nachelewa dakika kumi na saba."

Nilitaka kusema. Nilikuwa na mithali tatu tayari mdomoni. Nikazimeza, maana ushauri wangu wa miezi sita ulikuwa bado unakauka kwenye beseni.

Akarudisha arobaini na mbili. "Kheri nichelewe dakika kumi na saba kuliko izimike saa ya thelathini," akasema, nami nikaandika kwenye daftari: *arobaini na mbili, amechagua mwenyewe.*

Jioni akakaa na mchoro wake, anaongeza kitu. Nilipokaribia akakifunika kwa kiganja. "Bado, Ayeeyo."

Alhamisi saa moja asubuhi vipimo vikaja kwenye simu, akaviingiza, akabonyeza, na mashine ikaanza. Tulikuwa tumepatana kwamba joto likifika tisini nimwite. Mchana wa Alhamisi jua lilikuwa kali, nje thelathini na nane. Nikasoma themanini na nne. Themanini na tano. Themanini na sita. Hapo likakaa, kama mtu aliyefika kivulini. Nilipoona linashuka nikasema alhamdulillahi, na Filsan akacheka kwenye mlango, kumbe alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma naye.

Ijumaa saa kumi na nusu kina mama wakafika, saba, Sahro mbele. Mashine isingeweza kubebwa ikiwa kazini, basi kikao kilikuwa kwetu. Wakaingia, wakavua viatu, wakakaa kwenye mikeka. Na wakaanza kunusa.

Mnajua nyumba yetu ikija wageni bila uunsi ni nini? Ni kama kumkaribisha mtu huku umemgeuzia mgongo. Sahro akanitazama kwa huruma.

"Hawo. Kuna matanga? Mbona hukutuambia?"

Ningeweza kusema umekwisha. Filsan aliinamisha kichwa, angenisitiri. Lakini kama nilimwambia mtoto nisiwaambie wazee wenzangu? Nikawasimulia. Moshi, matundu, kidole, halua, caday, yote.

Sahro akajifunika uso kwa shungi, mabega yakaanza kutikisika. "Yaani, Hawo! Ulikuwa unaifukiza kama bi harusi?"

"Kila alasiri."

"Na imeolewa sasa?"

Mkeka mzima ukaanguka kwa kicheko. Filsan alicheka mpaka akashika ukuta, na kile kilichokuwa kimebaki kati yetu tangu Jumanne kikatoka mlangoni na kuondoka.

Saa kumi na moja akawaonyesha. Wakaona lango, wakaona ua wenye tangi la maji, wakapita ukumbi wa kusomea, mahali pa kuswalia, jiko. Sahro alikuwa anainua mguu kila penye kizingiti, amekaa chini lakini mguu unainuka. "Hapa taa iko wapi?" Filsan akamwonyesha. "Na usiku mtoto akitaka choo?" Akamwonyesha, ni ndani, hatoki nje ya ukuta. Wakafika kwenye mlango wa chumba cha kulala, mlango ukaanza kufunguka, na picha ikasimama.

"Imeharibika?" akauliza mmoja.

"Hapana, mama. Zimebaki picha kumi. Dakika kumi na saba."

Nilimtazama Sahro. Alikuwa na safari kesho yake, na karatasi za yule bwana zilikuwa kwenye mkoba wake, nimeziona zimechungulia. Akajipanga vizuri kwenye mto.

"Mlango umefunguka nusu," akasema, "sasa tuondoke? Hawo, leta chai."

Nikaleta chai yenye maziwa. Mashine ilikuwa inavuma chini ya meza, themanini na mbili, nililitazama joto kwa jicho la pembeni nikimimina. Wakazungumza habari za mvua. Kisha Filsan akasema, "Tayari."

Mlango ukafunguka mpaka mwisho. Chumba cha vitanda vinane, mwanga wa asubuhi umelala sakafuni. Dirisha pana. Na nje ya dirisha, kwenye ukuta, kirafu kidogo cha saruji kimejitokeza, juu yake kitu cha udongo, kimetoa moshi mwembamba unaopanda angani.

"Hicho kirafu ni cha nini?" Sahro akauliza.

"Cha dabqaad," Filsan akajibu. Hakunitazama. "Kila chumba kina chake. Binti akikumbuka kwao afukize, harufu iingie na upepo, na moshi ubaki nje."

Hakuna aliyecheka sasa. Mama mmoja upande wa ukuta akajifuta macho kwa ncha ya shungi, ana binti wawili waliolala nyumba za watu miaka mitatu. Sahro akawageukia wenzake, akawatazama mmoja mmoja, na kila mmoja akasema "haye". Akachukua simu. Nikamsikia anamwambia fundi kesho aje na kamba zake saa kumi na mbili asubuhi, vipimo atapewa na Filsan.

Mimi nikatoka uani, nikachukua makaa mawili. Nikaiweka dabqaad juu ya ukuta wa ua, mbali na dirisha, nikanyunyiza uunsi. Upepo ukauleta ndani kidogo kidogo.

"Afadhali," Sahro akaniita kutoka ndani. "Na Balambala yangu? Unirudishie. Kesho narudi kwetu nikiwa sina mji?"

"Chukua," nikamwambia. "Maziwa nimeshakunywa."